Kiboko wa Ilomba, Kiboko wa Kihesa

Violet ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, chai mkono mmoja, simu mkono mwingine, na Devota, bosi wake, aliyekuwa mbele ya kompyuta akirekebisha kivuli cha mti, akamsikia akisema polepole, "Mungu wangu."

"Nini?"

"Dada, njoo uone mwenyewe. Mimi sisemi."

Ilikuwa trela fupi. Ndama wa kiboko, peke yake, anatembea katikati ya mto uliokauka. Jua kali, udongo umepasuka. Anasimama, anageuza kichwa, anatikisa sikio moja, halafu anaendelea. Yakaja maandishi makubwa: BONGE. Filamu ya katuni kwa familia nzima. Inatoka Agosti. Chini kabisa palikuwa na jina la studio ya Joachim, mshindani wa Devota, ile ya Kihesa, Iringa.

Devota aliitazama mpaka mwisho, akairudia. Kwenye kompyuta yake mwenyewe alikuwepo ndama mwingine wa kiboko, anaitwa Tope, ambaye naye alikuwa anatembea katikati ya mto uliokauka, chini ya jua kali. Tope alikuwa ametembea hivyo tangu Devota alipoacha kazi ya kupiga video za harusi na kukifanya chumba cha mbele cha nyumba yake ya Ilomba, Mbeya, kuwa studio. Alikuwa amekosa misiba na ubarikio wa ndugu zake kwa ajili ya Tope. Filamu yake nayo ilikuwa itoke Agosti.

"Anord," alisema.

Violet na yeye alikuwa amewaza jina hilohilo.

Anord Kikoti alifanya kazi na Devota tangu mwanzo. Mwendo wa Tope ulikuwa wa Anord. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya sementi, akatambaa kutoka ukutani hadi mlangoni huku Violet akicheka na kumrekodi, mpaka akapata jinsi mnyama mzito ambaye bado ni mtoto anavyoyumbisha makalio yake. Kisha mwaka jana, baada ya Pasaka, mkewe Bertha, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa Iringa. Anord akamfuata. Kazi ya katuni Iringa inapatikana mahali pamoja tu, kwa Joachim, na huko ndiko alikokwenda. Waliagana vizuri. Devota alimpikia ndizi na nyama, wakapiga picha.

Asubuhi ile Devota hakukumbuka ndizi wala picha. Alichukua simu, akafungua kundi la WhatsApp la wachoraji wa Nyanda za Juu, ambalo lina watu kutoka Mbeya, Njombe, Songea na Iringa, akaandika: "Wenzangu, jihadharini na Anord Kikoti. Amekula kwangu, amejifunza kwangu, kisha ameibeba kazi yangu na kuipeleka kwa Joachim. Mwizi ni mwizi hata akiwa mpole."

"Dada, si umpigie kwanza?" Violet alisema.

"Nimpigie aniambie nini?"

Akatuma.

Majibu yalianza kumiminika kabla hajaweka simu chini. Wengine walishangaa, wengine walisema walikuwa wanamtilia shaka siku zote, hata wale ambao hawakuwahi kukutana naye. Mmoja wa Njombe aliandika kwamba watu wa namna hiyo wanyimwe kazi kabisa. Joachim hakusema neno. Anord naye hakusema neno. Mchana yakaonekana maandishi madogo ya kijivu: Anord ameondoka.

"Umeona?" Devota alimwambia Violet. "Asiye na hatia angekaa ajitetee."

Lakini kazi haikwenda. Kila alipomgusa Tope aliona Bonge. Alihamisha mti akaurudisha palepale. Mwisho wa wiki alimwachia Violet funguo, akapanda basi la asubuhi kwenda Iringa kumkabili Joachim uso kwa uso. Njia nzima alipanga maneno. Walipofika Makambako yalikuwa makali, na Mafinga, ukungu ukiwa bado umekalia misitu ya misonobari, alikuwa ameyanoa tena.

Stendi ya Iringa alimwita mwenye bodaboda.

"Nipeleke Kihesa. Kuna studio ya katuni, sijui kama unaifahamu..."

"Kwa Kiboko?"

Devota alikuwa anafunga kamba za kofia ngumu. Vidole vikasimama. "Kwa nani?"

"Kwa Kiboko, dada. Ndivyo panavyoitwa. Ukisema studio mtu hakuelewi."

"Tangu lini panaitwa hivyo?"

Yule kijana alifikiri. "Aa, zamani. Mimi nilikuwa bado sijaoa. Sasa mwanangu anaingia chekechea."

Alipomshusha, Devota alijionea mwenyewe. Ukuta wa mbele ya studio ulikuwa na picha ya ndama wa kiboko, mkubwa kuliko mlango. Mvua zilikuwa zimeukwangua mgongo wake, jua lilikuwa limepausha rangi mpaka ikawa kama maji ya kunawia, na sehemu ya tumbo plasta ilikuwa imebanduka na kuacha matofali wazi. Hiyo haikuwa picha ya mwaka jana. Mama mmoja alikuwa ameegemeza meza yake ya nyanya kwenye miguu ya yule kiboko, kwa namna ya mtu aliyeizoea picha hata haioni tena.

Maneno yote aliyoyapanga tangu Mbeya yakamwisha pale barabarani. Kama asingekuwa amekwisha kuonekana, angegeuza. Lakini Joachim alikuwa amesimama mlangoni, mtu mrefu mwenye sweta la bluu, nywele zimeanza mvi pembeni.

"Karibu, dada Devota," alisema. "Nilijua utakuja. Nilifikiri utakuja na askari."

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya nyaya za moto, kama kwake. Joachim alimpa kiti na chai. Walikuwa wamewahi kukutana mara chache tu, kwenye semina, na kila mara walisalimiana kama watu wanaogombea shamba moja. Sasa walikaa bila kujua waanzie wapi.

"Ulianza lini?" Devota aliuliza, ingawa alishajua.

"Mwaka ule mto Ruaha ulipokatika mapema. Niliwapeleka watoto wa Sunday school mbugani wakaone wanyama. Tulikuta viboko wamebanana kwenye kidimbwi cha matope, wamepandiana kama magunia. Kulikuwa na mtoto mmoja pembeni, amekosa nafasi. Watoto walilia ndani ya gari. Nikarudi nikachora pale ukutani."

"Mimi nilikuwa Madibira," Devota alisema. "Kwa shangazi yangu Kalista, analima mpunga. Mwaka uleule. Kiboko alitoka kwenye kinamasi cha Ihefu usiku akaja kulala kwenye mfereji wa kumwagilia. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimekwenda kumtazama."

"Yuleyule mto," Joachim alisema.

"Yuleyule mto."

Devota alizungusha kikombe. Bado kulikuwa na sehemu yake iliyotaka kushinda. "Lakini kwa nini kiboko? Mto ukikauka wanateseka wote. Tembo, nyati, samaki. Kwa nini umchague kiboko?"

"Na wewe kwa nini?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

Joachim alikuna kidevu. "Nikwambie kweli? Nilianza na simba."

"Manyoya," Devota alisema kabla hajajizuia.

"Manyoya! Kompyuta zilikuwa zinazima zenyewe. Nikajaribu twiga."

"Shingo."

"Shingo, halafu yale mabaka, kila akigeuka yanahama. Nikasema nataka mnyama ambaye hana nywele, ana miguu mifupi, anapendwa na watoto."

"Na maji?"

"Maji ndiyo balaa kuliko manyoya. Ukiwa na mto mkavu..."

"...hakuna maji ya kuchora," Devota alimalizia.

Walicheka, kisha Devota akaacha kucheka. Aliwaza mikutano yote aliyosimama na kueleza kwa nini alichagua mto mkavu: uchungu wa mazingira, vizazi vijavyo. Hakuwa amedanganya. Uchungu ulikuwepo. Lakini nyuma yake kulikuwa na kompyuta ya mitumba isiyoweza kutoa hata picha ya bilauri ya maji, na hilo hakuwa amemwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakuwa amejiambia waziwazi. Na huku Iringa, kompyuta za namna ileile zilikuwa zimemsukuma mtu mwingine kwenye njia ileile. Hata Agosti ilikuwa na sababu: televisheni moja ya Dar es Salaam iliyotangaza kwamba inatafuta katuni za watoto kuhusu mazingira, kwa ajili ya likizo, ilikuwa imetangazia nchi nzima. Yeye alilisoma tangazo lile kama barua aliyoandikiwa peke yake.

"Na lile sikio?" aliuliza. "Bonge anatikisa sikio moja. Tope wangu pia."

"Umewahi kumtazama kiboko akiwa ametulia? Hakuna kingine kinachotikisika."

Ilikuwa kweli. Devota aliweka kikombe mezani. "Kwa hiyo Anord hakukwambia chochote."

Uso wa Joachim ulibadilika. "Anord hajawahi kumgusa Bonge. Siku ya kwanza amefika, nilimtembeza nikamwonyesha ukuta. Nilidhani atafurahi. Akasimama pale muda mrefu, kisha akaniomba nimpe kazi nyingine, kazi yoyote. Nikamuuliza sababu, akasema anapendelea matangazo. Nikampa matangazo ya mbegu na ya sabuni. Nilimwona mtu asiyejiamini. Watu niliowaajiri juzi wakampita, wakawa wanamtuma. Hakusema kitu." Alitazama mikono yake. "Nilipousoma ujumbe wako ndipo nikaelewa alikuwa anakimbia nini. Na unajua nilifanya nini? Nilimwambia apumzike nyumbani kwanza, mpaka mambo yapoe. Niliogopa jina la studio."

"Yuko wapi sasa?"

"Idodi, kwa mama yake."

Walikwenda kesho yake asubuhi kwa pikapu ya Joachim, kwenye barabara ile ya vumbi inayopeleka watalii Ruaha. Kila mmoja alikuwa anapanga namna ya kuomba radhi na kila mmoja alitaka mwenzake aanze.

Mama yake Anord alikuwa uani anapepeta mahindi. "Kamwene," aliwasalimia, na Joachim akajibu kwa Kihehe kirefu, akiuliza habari za nyumbani na za shamba. Yule mama alijibu yote kwa adabu. Kisha akamgeukia Devota kwa Kiswahili. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi, mama."

"Kwenye kwaya walinisomea. Mimi sina simu ya kuonyesha maandishi, ndiyo wakanisomea." Akaendelea kupepeta. "Yuko nyuma huko."

Anord alikuwa anapukuchua mahindi juu ya turubai, amekonda kidogo. Alisimama alipowaona, akajifuta mikono kwenye suruali, akawapa mkono wote wawili. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akawatafutia mahali pa kukaa, magunia mawili yaliyojaa, yeye akabaki chini.

Devota alikuwa amepanga kuanza na habari ya mto na televisheni na manyoya, aeleze jinsi kosa lilivyotokea. Alipoiona ile mikono yenye vumbi la mahindi akaona yote hayo ni kujitetea.

"Anord, nimekukosea," alisema. "Nimekuita mwizi mbele ya watu na hukuiba. Naomba unisamehe."

"Hata mimi," Joachim alisema. "Nilikufukuza bila kukuuliza."

Anord aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye turubai. "Dada," alisema, "unakumbuka nilikupigia simu, wakati wa mvua, nikakuuliza kama Tope hawezi kuwa ngiri?"

Devota alikumbuka. Alikuwa amecheka sana. Alimwambia Iringa imemharibu akili.

"Na wewe kaka Joachim nilikuuliza kama Bonge hawezi kuwa kobe. Ukaniambia nikamalize sabuni." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Nilijaribu. Zaidi ya hapo ningefanya nini? Nikimwambia dada kwamba huku kuna kiboko, nimemuuza kaka anayenilisha. Nikimwambia kaka kwamba Ilomba kuna kiboko, nimemuuza dada aliyenifundisha. Nikasema nitanyamaza, na sitamgusa yule mnyama. Nilifikiri nikinyamaza vizuri hakuna atakayeumia."

"Kwa nini hukunijibu kwenye kundi?" Devota aliuliza. "Ungesema tu."

"Ningesema nini? Uliandika umeshamaliza. Hukuniuliza swali."

Hapo Devota alilia. Hakuna aliyemzuia. Kuku walipita, wakadonoa punje zilizoruka nje ya turubai, na Anord akawafukuza kwa mkono.

"Kusamehe nimesamehe," alisema mwishowe. "Lakini pale uliposemea, sema palepale. Siyo kwa ajili yangu. Mama yangu bado anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ile."

Mtandao Idodi ulikuwa unashika vizuri karibu na zahanati tu. Walikwenda wote watatu kwa miguu. Devota hakuandika, alirekodi sauti, ili asipate nafasi ya kufuta na kupamba. Alisema jina lake, akasema alimzushia Anord Kikoti, akasema filamu mbili zimefanana kwa sababu watu wawili walitazama mto mmoja wakiwa na vifaa dhaifu vilevile, na kwamba mtu pekee aliyezijua zote mbili ndiye pekee aliyejinyima kazi ili asimwibie yeyote. Joachim naye akarekodi yake.

Wachache walijibu. Mmoja aliweka alama ya mikono iliyounganishwa, mwingine akauliza bei ya kompyuta. Yule wa Njombe aliyetaka Anord anyimwe kazi hakusema lolote. Devota alisubiri, akitazama simu, mpaka akaelewa kwamba ule ujumbe wa kwanza ulikuwa umefika mbali kuliko huu utakavyowahi kufika. Alibaki Iringa, na Jumapili iliyofuata akarudi Idodi, akaomba mchungaji ampe nafasi wakati wa matangazo. Alisimama mbele ya kwaya na kusema tena. Mama yake Anord alikuwa safu ya mbele, na hakumtazama hata kidogo. Lakini walipotoka nje alimpa kibaba cha maharage aende nacho Mbeya.

Ikabaki habari ya filamu zenyewe. Joachim alisema yuko tayari kusogeza Bonge mpaka Desemba. Devota akasema hapana, atasogeza yeye Tope. Walibishana kwa adabu mpaka Anord akawauliza kama kuna aliyekwisha kuitazama ya mwenzake yote. Hakuna. Wakatazama, siku moja, kwenye studio ya Kihesa, moja baada ya nyingine. Tope alipanda mto akitafuta maji, akampoteza mama yake njiani, akayakuta maji kwenye chemchemi za milimani na kukaa huko peke yake. Bonge hakwenda popote. Alibaki kwenye matope na wenzake, wakagombana, wakauguzana, wakajifunza kupeana zamu ya kivuli mpaka mvua ikarudi. Mwanzo zilikuwa sawa kama mapacha, lakini mwisho wa Bonge Devota asingeweza kuuandika. Alikuwa ametoka kwao Rungwe akiwa binti, na hakurudi. Joachim alizaliwa Kihesa na hajawahi kuhama. Hakuna aliyezungumzia tena kusogeza.

Televisheni ilichukua moja tu, ya Joachim. Devota aliumia, kisha akampigia Joachim kumpongeza.

Agosti hiyohiyo walizionyesha zote mbili Madibira, kwenye ghala la mpunga, kwa sababu shangazi Kalista alikuwa ameomba. Watoto walijaa mpaka mlangoni. Tope alitangulia, Bonge akafuata, na Devota akakaa pembeni akisubiri mtu aseme kwamba zimefanana. Hakuna aliyesema. Binti mmoja wa darasa la pili alieleza kwa sauti kubwa kwamba Bonge ni Tope kabla hajampoteza mama yake, na wenzake wakakubali, isipokuwa mmoja aliyesema ni mdogo wake. Mzee Limbu, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alisimama mwishoni kama mtu mwenye hoja. Alisema zote mbili ni nzuri ila zote mbili ni za uongo, maana kiboko hana huruma hiyo, amemkanyagia mpunga wake wote. Ghala zima likacheka.

Anord alikuja pia, na Bertha. Alikuwa hajarudi kwa Joachim wala kwa Devota, ingawa wote wawili walikuwa wamemwomba. Alikuwa anachora mabango ya maduka Iringa mjini, na jioni anafanya yake kwenye kompyuta ya kuazima. Walipokuwa wanakunja nyaya, Devota alimuuliza anatengeneza nini.

Anord alitazama huku na huku mpaka akamwona Joachim upande wa pili wa ghala.

"Kaka," aliita, "hebu njoo kwanza. Nataka msikie wote wawili kwa pamoja."

Joachim akaja, waya begani. Wakakaa watatu juu ya magunia ya mpunga, na Anord akaanza kuwaeleza.